Mfiwa Aliyekuwa Akicheka

Mama alikufa usiku wa kuamkia Jumapili, nyumbani kwake Bagamoyo, na mie nilikuwa mtu wa mwisho kujua. Majirani zetu wa Temeke walikuwa wameshanong'onezana kwenye foleni ya bomba wakati nipo chumbani nikipiga pasi gauni langu la maua. Mjomba Mwishehe aligonga mlango, akasimama nje bila kuingia.

"Mwantumu, mama, vaa. Leo twende tukamwone mama yako. Gregori ana gari, na petroli kapata."

"Kuna nini Bagamoyo, mjomba?"

"Miguu inamsumbua. Kakukumbuka, basi."

Miguu ya mama ilikuwa ikimsumbua tangu nikiwa darasa la tatu. Sikushtuka. Nilifurahi, nikaendelea kupiga pasi huku nikiimba wimbo niliowafundisha watoto wa shule wiki ile.

Yaliyotokea alfajiri hiyo nilisimuliwa baadaye. Mtu wa lori la samaki alileta habari watu wakitoka msikitini. Mama angezikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, kwa sababu joto la Februari halingoji, na sisi maiti hatumlazi tukiweza kumsitiri. Mjomba, ambaye ni kaka yake mama wa tumbo moja, alimpa yule mtu jibu la kurudi nalo: "Waambie mie na mtoto tutafika adhuhuri. Wamwoshe, wamkafini, lakini uso wasiufunge mpaka mwanawe amwone."

Hicho tu ndicho nilichokuwa nikidai duniani siku hiyo, na sikujua kwamba nakidai. Kwetu mwanamke hafuati jeneza makaburini. Anaagana na maiti wake ndani ya nyumba, anautazama uso, na jeneza likishavuka kizingiti basi.

Kwa nini hawakuniambia palepale? Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa bado ana safari mbele yake. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, anaambiwa anaitwa, akifika anaukuta mlango umejaa kanga na vilio, na hapo anakuwa na mikono ya kumdaka. Nami nilikuwa na sababu zaidi. Baba alipokufa nilikuwa chuo cha ualimu, nikaambiwa ofisini kwa sentensi moja, nikaanguka juu ya sakafu ya saruji. Jino langu moja la mbele limevunjika ncha hadi leo. Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua. Njia nzima alikuwa akinifuta damu kwa kofia yake, na akaapa mbele ya mama kwamba habari nyingine ya namna ile ataileta yeye mwenyewe, taratibu, kwa mkono wake.

Nilitoka na kifurushi cha sukari. Sukari ilikuwa adimu, nami nilikuwa nimepanga foleni duka la ushirika mpaka miguu ikafa ganzi. Mama alikuwa mtu wa chai tamu. Alikuwa akisema chai isiyo na sukari ni maji ya kunawia.

Gregori alikuwa anangoja kando ya Pijo lake la rangi ya majivu. Alikuwa karani bandarini, Mnyamwezi wa Tabora, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Mkewe Jovina alinipa kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha, akanikumbatia, akanikumbatia tena.

"Dada Jovina," nikamwambia, "nakwenda Bagamoyo, siendi Bulgaria."

Jovina aliingia ndani upesi.

"Panda, Mzaramo, kabla sijabadili nia," Gregori akasema. "Nyie mkisimama mahali kidogo tu mnaota mizizi kama minazi."

"Mpagazi haulizwi nia. Mpagazi anapewa mzigo."

"Haya, mzigo wenyewe ndio wewe."

Ndivyo tulivyozungumza siku zote, kwa sababu Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zao walikuja pwani na misafara, pembe za ndovu vichwani, wakishukia Bagamoyo, na babu zetu wakawacheka njia nzima. Utani ule umebaki. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya chakula mdomoni, na hukasiriki. Msibani ndiko kazi yake ilipo hasa. Kwenye msiba wa baba, mzee mmoja wa Kinyamwezi alilala chini mbele ya jeneza, akasema halipiti, awe nani aliyemo, mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia wakacheka wakiwa na machozi, jogoo akakamatwa, mzee akainuka, jeneza likapita. Mtani akilala njiani hakuna anayemruka. Ni lazima mwenye msiba amwinue.

Tulichelewa kuanza kwa sababu ya gurudumu lililotaka upepo. Gregori alikuwa akitazama saa yake mara kwa mara. Mwaka ule mafuta yalikuwa ya shida nchi nzima, na magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ikifika saa hiyo barabara zinabaki za baiskeli na mbuzi.

"Saa nane tutakuwa tumeshakula na kupumzika," mjomba alisema. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Nilidhani ameivaa kwa ajili ya kumpendeza dada yake.

Tulipopita Kinondoni nikamwona anainama kumnong'oneza Gregori. Gregori akatikisa kichwa, mjomba akanong'ona tena, na baada ya muda tukapunguza mwendo mbele ya Kijiji cha Makumbusho.

"Wewe si ulisema unataka kuja hapa na wanafunzi wako?" mjomba aliniuliza. "Shuka uone kwanza."

Mjomba wangu alikuwa fundi seremala wa Keko, mtu wa maneno machache, ambaye hajawahi kusimama njiani kwa ajili ya kitu kisichouzwa wala kununuliwa. Nilishuka kama mtoto wa sikukuu. Palikuwa na nyumba za makabila, zimejengwa kila moja kwa desturi ya kwao: tembe la Wagogo, msonge wa Wahaya, na ya kwetu, ya fito na udongo, makuti juu. Upande wa pili vijana walikuwa wakipasha ngoma moto kwa ajili ya mchezo wa alasiri.

Mjomba aliingia nami ndani ya nyumba ya Kizaramo, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akavua kofia.

"Mwantumu."

"Naam, mjomba."

Mie nilikuwa nimeshaona kinu pembeni, na mchi umeegemezwa ukutani. "Mjomba, tazama! Mama akiona hiki atasema wamekiweka vibaya, mtu akitwanga hapa kiwiko kinagonga ukuta. Nitamwambia. Nitamleta siku moja awapangie nyumba yao."

Mjomba akaitazama kofia yake, akaivaa. "Twende," akasema. "Jua linakwenda."

Gregori aliniambia baadaye kwamba mjomba alipotoka alimshika mkono, akamwambia: "Nimeshindwa. Mle mna giza. Sikutaka nimwambie gizani."

Baada ya Kawe lami ikachakaa na upepo ukaanza kunuka chumvi. Siwezi kueleza uzuri wa asubuhi ile bila kuona haya, lakini ilikuwa nzuri. Mikorosho ilikuwa imejaa matunda yaliyochelewa, mekundu na ya manjano. Kila barabara ilipopanda kidogo, bahari ilionekana kulia kwetu kama kitambaa cha buluu kilichoanikwa, kisha ikafichwa tena na vichaka. Nilitoa mkono dirishani. Niliwaza kwamba nina mshahara wangu wa kwanza na wa pili, nina darasa langu, nina mjomba ambaye leo amekuwa mtu mwingine, na mbele yangu yuko mama.

"Kunduchi," mjomba akamwambia Gregori. "Pinda."

"Mwishehe, muda."

"Pinda, nakuomba."

Safari hii mjomba alikuwa amewaza kwamba mtu akiwa katikati ya makaburi moyo wake unakuwa umeshajiandaa. Yako pale magofu ya msikiti wa kale, na kuuzunguka yako makaburi ya watu wakubwa wa zamani, mengine yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe zilizopachikwa sahani za Uchina. Sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Mie nilikuwa nimesoma habari zake chuoni. Nilichuchumaa kwenye kila kaburi, nikipitisha kidole ndani ya yale mashimo, nikieleza kwa sauti kama niko mbele ya ubao, mie ambaye mbele ya watu wazima sauti hunikauka.

"Hizi zilikuwa zinapambwa ili maiti aonekane alikuwa mtu," nikasema. "Mjomba, unaona? Walitaka mpita njia ajue kuna mtu hapa, si jiwe tu."

Mjomba alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi ya kuanza neno. Kisha nikasikia kishindo, nikageuka, nikamkuta Gregori amelala chali katikati ya kijia kati ya makaburi mawili, shati lake jeupe limejaa majani makavu.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Mzaramo hapiti hapa mpaka anipe jogoo!"

"Toka, mpagazi wewe! Unalala kwa babu zangu?"

"Hawa si babu zako. Babu zako walikuwa wanakuna nazi. Nipe jogoo!"

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo. Nikampa kiazi kimoja kutoka kwenye kikapu cha mkewe mwenyewe. Akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu kuliko kiazi kinavyostahili, akainuka. "Haya. Pita."

Nilidhani ni mchezo. Kumbe mtani alikuwa ameshaanza kazi yake. Hakuweza kungoja tufike. Mjomba wakati huo alikuwa ametupa kisogo, anaitazama bahari, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami nikasema kimoyomoyo kwamba hata mjomba anacheka.

Nilikaa pale muda mrefu. Nilitaka kuchora ile nguzo iliyosimama vizuri kuliko zote, niwachoree watoto ubaoni, na hakuna aliyenikataza. Wangenikataza kwa maneno gani?

Tukaendelea. Vumbi la kiwanda cha saruji likatupaka weupe, tukapita Tegeta, Boko, barabara ikawa ya changarawe yenye matuta matuta, gari likitetemeka kama lina homa. Bunju mjomba akasema ana kiu. Palikuwa na mtu anauza madafu juu ya mteremko, mahali ambapo bahari yote inaonekana wazi mpaka inapokutana na mbingu.

Mjomba alininunulia dafu, akalishika yeye wakati nakunywa, kama nilivyokuwa nikishikiwa nikiwa mdogo.

"Mwanangu," akaanza, "dunia hii, unajua, kila mtu..."

"Mjomba," nikamkatiza, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi, "ngoja nikwambie kitu nisije nikaona haya. Tangu baba afe sijawahi kuwa na siku kama ya leo. Hata ikiishia hapahapa, mie nimeridhika. Lakini kesho tukiwa tunarudi, tumchukue mama tupite naye Kaole, nako akaone magofu. Nusu ya maisha yake amekaa pale jirani, hajawahi kuyaona."

Kaole ni mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwa mama. Mjomba akamwambia muuza madafu, "Mpasulie, ale nyama yake."

"Mwishehe," Gregori akaita kutoka garini. Hakukuwa na utani katika sauti yake. "Saa."

Pale Mapinga palikuwa na mti mrefu umelazwa juu ya mapipa mawili, kuziba barabara, na polisi mmoja kijana amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha makuti. Aliinuka bila haraka, akaja na mkono mmoja nyuma.

"Habari zenu, ndugu. Kibali."

"Kibali cha nini, afande?" Gregori akauliza. "Saa yangu inasema bado."

"Basi saa yako inakupenda. Ya serikali inasema saa nane imepita. Zima gari, funguo huku. Utazichukua kesho asubuhi."

Mjomba alishuka, akamsalimu, akamshika mkono, akamwongoza kando hadi kwenye pipa la mbali. Niliwaona wakizungumza. Niliona mjomba akionyesha kidole upande wa Bagamoyo, kisha akionyesha juu, kisha akiweka mkono kifuani. Hapo Gregori akaanza vituko. Akanisimulia babu yake aliyebeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, alipofika akauona wali wa Kizaramo kwa mara ya kwanza, akadhani ni mabuu, akakimbia na sahani mpaka baharini kuyaosha. Alisimulia kwa sauti kubwa, akiiga mbio za babu kwa vidole juu ya usukani. Alikuwa anaziba masikio yangu kwa kicheko. Nami nilicheka, kiazi mkononi.

Polisi alikuja mpaka dirishani kwangu. Jina lake lilikuwa Didas. Nilisikia mjomba akimwita hivyo, "Ndugu Didas, mwanangu, nakuomba," akimfuata nyuma nusu mbio.

"Huyu?" Didas akamuuliza mjomba. "Huyu ndiye mfiwa?"

"Ndiye."

"Mzee wangu." Aliongea kwa upole, kama mtu aliyechoka. "Kila Jumapili hapa nazikiwa watu. Jumapili iliyopita kuna bibi aliuawa kwa maneno na wajukuu zake ili gari lipite, Jumatatu nikamwona anarudi na kapu la dagaa. Sasa wewe umeniletea mfiwa anakula viazi. Mfiwa gani anacheka?"

Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Mjomba amebuni msiba ili tupite. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, haya kwa ajili yake, mtu mzima mwenye kanzu, kusema uwongo mbele ya kijana. Nikainamisha kichwa. Nikataka kuusaidia uwongo wake, nikajaribu kukunja uso, nikashindwa, na badala yake nikatoa tabasamu la kuomba radhi.

"Unaona?" Didas akasema. Akanyoosha mkono kwa Gregori. "Funguo."

Mjomba akafungua mlango wa upande wangu. Akapiga magoti palepale kwenye changarawe, kanzu yake nyeupe, akanishika mikono yote miwili pamoja na kiazi.

"Mwantumu. Si uwongo."

"Nini si uwongo, mjomba?"

"Mama yako hatunaye. Tangu jana usiku. Nilikuwa nakutafutia mahali."

Nilimtazama Gregori. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani. Nikamtazama Didas, naye alikuwa amevua kofia yake, ameishika mbele ya tumbo. Kila mmoja alikuwa akingoja nianguke. Sikuanguka. Nilikuwa nimekaa, hakuna mahali pa kuangukia. Kitu pekee nilichokiona vizuri kilikuwa kifurushi cha sukari mapajani pangu, karatasi yake ya kaki, kamba yake, na fundo nililolifunga mwenyewe.

"Wameshamfunga uso?" nikauliza.

"Hapana. Wanatungoja. Niliwaambia watungoje."

"Basi twende."

Didas aliuinua ule mti peke yake, bila kumwita mtu. Tulipopita pembeni yake alisema, "Pole, dada. Dada, pole sana," akaendelea kuisema hiyo pole hata tulipokuwa tumeshampita, nikamwona kwenye kioo midomo yake bado inacheza.

Gregori aliendesha kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha, matuta yakiturusha mpaka vichwa vinagonga dari. Kerege ikapita. Mbuzi wakakimbia. Mie nilikuwa nikirudia siku yote kuanzia mwisho kwenda mwanzo: dafu, nguzo, kinu, wimbo wa pasi. Katika kila mahali nilijiona nikicheka. Sikuwa na hasira na mjomba, na hata sasa sina. Nilitaka tu kurudi nyuma na kuufumba ule mdomo wangu kwa mkono.

Kibao cha Kaole kikapita.

Tulipoingia mjini, adhana ya alasiri ikasikika. Mjomba akainua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi," akasema kwa sauti iliyopasuka. "Alasiri ndiyo inaadhiniwa sasa. Bado. Tumewahi, mwanangu. Tumewahi."

Nami nikaamini. Kwa muda wa kutoka msikiti wa kwanza mpaka kona ya nyumbani niliamini, nikaukaza mtandio wangu, nikayatengeneza maneno ambayo ningemwambia mama sikioni.

Gregori alipokata kona akafunga breki.

Wanaume walikuwa wakija kutufuata, kundi kubwa, wamejaa njia nzima ile nyembamba. Walikuwa na majembe mabegani. Kanzu zao zilikuwa na udongo mwekundu magotini. Mbele yao vijana wanne walikuwa wamebeba jeneza la msikiti, kwa mkono mmoja mmoja, bila kubadilishana, jinsi linavyobebwa linaporudishwa.

Mama mdogo alinieleza baadaye, akijipiga kifuani. Walitungoja. Adhuhuri ikapita, wakangoja. Uso wa mama ulikuwa wazi mpaka saa nane. Saa nane ilipopita wazee wakasema gari haliji tena, sheria ndiyo hiyo, hakuna gari la Jumapili baada ya saa nane, watafika kesho na basi. Maiti hacheleweshwi pasipo sababu, na sababu yenyewe ilikuwa sisi. Basi hata alasiri hawakuingoja. Wakaufunga uso, wakamsalia, wakamtoa.

Nilishuka. Kifurushi cha sukari kilianguka, kikapasuka pembe. Mwanamke mmoja aliyetoka uani kwetu akakiokota kwa huruma, akasema, "Ee, sukari, afadhali, wageni ni wengi," akaenda nacho jikoni. Alifanya sawa. Mama asingependa watu wanywe chai ya kunawia msibani kwake.

Ndipo nikasikia sauti ya Gregori.

"Halipiti!"

Alikuwa ametoka garini akawakimbilia wale wanaume, akajitupa chini katikati ya njia, chali, mikono imetanuka ukuta hadi ukuta.

"Halipiti hili jeneza! Nimesema halipiti! Mpaka mwanawe amwone!"

Vijana wakasimama. Nyuma yao wote wakasimama, majembe yakagongana. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisogea, akainama juu yake.

"Mtani," akasema polepole. "Mtani, amka. Ni tupu."

"Halipiti," Gregori akasema, na sauti ilikuwa imeshamwisha. Machozi yalikuwa yakimtiririkia masikioni. "Nipeni jogoo. Halipiti."

Mtani akilala njiani hakuna anayemruka. Wale vijana walitazamana, kisha wakaliteremsha jeneza chini taratibu, kama vile lina mtu. Mzee akageuka kunitafuta kwa macho, kwa sababu anayemwinua mtani ni mwenye msiba.

Nilikwenda. Watu wakanipisha. Mjomba alikuwa ameshika mlango wa gari, hawezi kuuachia wala kuufunga. Nilipofika kwa Gregori niliifungua mikono yangu nikamwonyesha kwamba haina kitu. Nilitaka kumwambia ainuke, lakini nikakaa chini kando yake kwenye udongo, gauni la maua na pasi yake yote, na jeneza mbele yetu, wazi.

Likatungoja.